Namna ya Kufuga Maji Mutshatsha

Umeamua kufuga salamanda wa majini. Vizuri. Mutshatsha panafaa kabisa, kwa kuwa hakuna jirani atakayekushinda. Kusini mwa Sahara hakuna salamanda wa asili hata mmoja. Barani Afrika wako kaskazini tu, Moroko, Aljeria na Tunisia. Kwa hiyo wa kwako atatoka mbali, pengine kizazi cha yule salamanda wa Japani mwenye tumbo jekundu. Atapanda ndege, kisha atakula vumbi la barabara ya kutoka Kolwezi kama abiria mwingine yeyote. Umbo lake la mjusi, ngozi yake ya chura, na mama mkwe atataka maelezo.

Ila usimwagize bado. Tafuta tangi la kioo la lita 60 hivi, tia maji, tia chujio, halafu usiweke kitu chenye miguu. Hapa ndipo wengi hushindwa, maana aliyetoa makuta yake kununua tangi hana moyo wa kulitazama tupu kwa wiki sita. Lakini kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, na amonia ni sumu. Bakteria wa kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo mnyama huivumilia mradi unabadilisha sehemu ya maji mara kwa mara. Bakteria hao huja wenyewe, kwa mwendo wao. Reli ya Dilolo inapita hapa, basi kungojea si somo geni kwako.

Ili waje, wape chakula: tupa ndakala mmoja asiye na chumvi ndani ya tangi, umwache aoze. Maji yatanuka. Jirani atachungulia na kuuliza, “Baba, samaki iko wapi?” Mjibu bila aibu: “Samaki hakuna. Niko nafuga maji.” Endelea kupima kwa dawa ya matone, utakayomwomba ndugu aliye Ulaya akutumie. Amonia ikishapanda na kushuka, nitriti nayo ikapanda na kushuka, zote mbili zikasoma sifuri huku nitrati ikionekana, tangi limekomaa. Kwa zaidi ya miaka mia wataalamu waliamini kwamba kazi hii lazima igawanywe kwa makundi mawili ya bakteria, hadi mwaka 2015 walipotangaza kwamba baadhi ya wale waitwao Nitrospira huimaliza yote peke yao. Mwaka huohuo mkoa wa Katanga uligawanywa kuwa mikoa minne, huu wetu wa Lualaba ukiwa mmojawapo, na kazi ya gavana mmoja ikapewa watu wanne. Bakteria walikuwa wanaelekea upande mwingine.

Sasa mapambo, na hapa tafadhali punguza uzalendo. Najua una jiwe la malakiti nyumbani, la kijani, lenye miviringo, limesuguliwa likang'aa. Unaliona tayari limekaa katikati ya tangi, salamanda amelala juu yake. Malakiti ni kaboneti ya shaba. Bakteria wako, kadiri wanavyofanya kazi, huyafanya maji yawe na asidi. Asidi hulilamba jiwe. Shaba huingia majini. Na shaba huua wanyama wa jamii ya chura kwa kipimo kidogo sana, huku ikiwadhoofisha hata bakteria walioiita. Yaani utakuwa umejenga kiwanda kidogo cha kuyeyusha madini sebuleni, bila kibali na bila mshahara. Sheria ni fupi: jiwe la kijani au la buluu lisiingie, hata kama ni zawadi ya harusi. Mchanga pia, usichote mahali palipoota kile kimea cha maua ya zambarau ambacho wataalamu wa mimea hukiita Haumaniastrum katangense. Wachimbaji hukifuata kwa sababu hustawi penye shaba. Wewe kikimbie.

Kuhusu joto, ukikuta hita kwenye kifurushi, iuze. Huyu wa Japani anapenda nyuzi 16 hadi 20. Juni na Julai baridi yetu itamfurahisha. Oktoba, kabla mvua hazijashika, utamwekea chupa za barafu kama mgonjwa wa homa. Umeme ukikatika, chujio husimama, na bakteria wasipopata hewa kwa saa kadhaa huanza kudhoofika. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako kwenye mto wetu wenyewe wa Lualaba, lakini umeme wake una wateja wazito kuliko wewe. Nunua pampu ya hewa ya betri.

Ukimshika, nawa mikono kabla ya kugusa bukari. Ngozi yake ina tetrodotoksini, sumu ileile ya samaki bunju. Akikuchosha, usimtupe mtoni hata siku moja, maana anaweza kuwapelekea vyura wetu magonjwa ya ukungu ambayo hawajayazoea. Wala usitegemee atakufa upesi: watafiti waliwatoa salamanda wa Japani lenzi ya jicho mara 18 katika miaka 16, na kila mara ikaota upya, na mwishoni wanyama hao walikuwa na umri wa miaka 30 au zaidi. Kwa hiyo kabla ya kulipia tangi, muulize mtoto wako wa mwisho kama yuko tayari kumrithi.