Vifurushi Vilivyotoroka Nyumbani: Majibu kwa Waundaji wa Apu

Kifurushi kinachokosekana katika zana za kuundia apu za simu huwa katika mojawapo ya hali nne. Ama hakijawahi kupakuliwa, ama kilipakuliwa nusu, ama kimo ndani ya kompyuta lakini kinatafutwa kwenye folda nyingine, ama ghala lililokuwa likikitoa limefungwa. Kwa mtazamo wa kwanza skrini haizitenganishi hali hizi. Huandika kwa herufi nyekundu kwamba kitu fulani hakipo, na mwenye kompyuta, kama mume aliyerudi nyumbani akakuta kabati tupu, hupiga mayowe kwanza na kuuliza baadaye. Mayowe yenyewe huchukua sura ya kupakua kila kitu upya.

Jijini Nairobi mayowe hayo yana bei. Android Studio, programu ya kuundia apu za Android, peke yake ni zaidi ya gigabaiti 1, na emuleta, ile simu bandia ya kwenye skrini, hudai kiasi kama hicho tena kwa ajili ya mfumo wake. Aliye kwenye faiba ya Kilimani hupoteza muda tu. Anayetumia bando la simu chumbani Kangemi hulipia kila jaribio. Kwa hiyo barua za wasomaji zilizo hapa zinajibiwa kwa kutafuta kwanza dawa isiyohitaji hata megabaiti moja.

Ujumbe wa kosa husaidia ukisomwa hadi chini, jambo ambalo wachache hulifanya kwa kuwa mistari ni mingi na yote ya Kiingereza. Gradle, chombo kinachokusanya vifurushi na kuijenga apu, huanza na mstari wa jumla wa “Could not resolve all files”, ambao haumfai mtu yeyote. La maana liko chini yake. Pakiandikwa “Could not find” na kufuatwa na orodha ya anwani, Gradle ilifika ghalani, ikauliza, ikajibiwa kuwa mzigo huo haupo: kosa ni la jina, la toleo au la ghala lenyewe. Pakiandikwa “timed out” au “UnknownHostException”, haikufika kabisa: kosa ni la njia. Anayenunua bando jingine kwa sababu ya kauli ile ya kwanza anaitajirisha kampuni ya simu bure.

Anayejiita Aliyeachwa, wa Kawangware, anaeleza kwamba alipakua zana za amri za Android kwa mkono wake, akazifungua mbele ya mashahidi wawili, na bado Flutter, zana ya Google ya kuundia apu, inamwambia kuwa cmdline-tools haipo. Anauliza kama amerogwa.

Hakurogwa. Faili la zip linalotolewa na Google hufunguka na kuwa folda ya cmdline-tools yenye bin na lib ndani yake. Lakini programu ya sdkmanager, inayosakinisha vifurushi vya Android, hutambua makao ya SDK, yaani folda kuu ya zana hizo, kwa kupanda ngazi za folda kutoka pale ilipo, na inatarajia kukuta ngazi moja zaidi: cmdline-tools/latest/bin. Ngazi hiyo ya latest haimo kwenye zip. Mtu huiunda mwenyewe na kuhamishia vitu humo. Ni mpango wa ajabu kidogo, kuuza nyumba bila sebule kisha kumlaumu mnunuzi kwa kukosa sebule, lakini ndivyo ulivyo. Mwenye Android Studio anaweza kuepuka shughuli hiyo yote kwa kufungua SDK Manager, kwenda kwenye SDK Tools na kutia alama penye Android SDK Command-line Tools.

Kundi la wanafunzi wa chuo kimoja katikati ya jiji linalalamika kwamba mradi wao unakubali kujengwa kwenye laptopu ya mwenzao mmoja tu, na wanashuku upendeleo. Upendeleo upo, na umeandikwa ndani ya faili la local.properties. Mstari wake wa sdk.dir hutaja mahali SDK ilipo kwenye kompyuta moja mahususi, mara nyingi pamoja na jina la mwenye kompyuta hiyo. Mradi ukipitishwa kwa flashi au Git pamoja na faili hilo, kila anayeupokea hutumwa kutafuta vifurushi nyumbani kwa mtu mwingine. Dawa ni kulifuta faili na kuiacha Android Studio iliandike upya, kisha kulizuia lisiingie kwenye Git tena. Wanaotumia Windows wazingatie pia kwamba SDK hukaa ndani ya AppData, folda ambayo Windows huificha, kwa hiyo wengi huapa haipo ilhali imewakodolea macho.

Kutoka Dagoretti Corner, msomaji mwingine anayejiita Mjane anasema sdkmanager yake ilikata roho ikitaja javax/xml/bind, kitu asichowahi kukisikia wala kukiomba. Marehemu huyo anajulikana. Kilikuwa sehemu ya Java yenyewe. Kikatangazwa kuwa cha kuondolewa katika Java 9, mwaka 2017, na kikaondolewa kabisa katika Java 11, mwaka 2018. Sdkmanager ya zamani, ile iliyokaa katika folda ya tools, ilikitegemea. Aliyefuata mafunzo ya zamani akiwa na Java mpya hukutana na pengo hilo, na hakuna kifurushi cha Android kitakacholiziba. Folda ile ya zamani iachwe, cmdline-tools za sasa zitumike.

Kinyume chake pia hutokea, zana mpya juu ya Java kuukuu, na hapo skrini hutaja “class file version” na nambari. Nambari hiyo ikipunguzwa 44 hutoa toleo la Java linalohitajika: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17. Android Gradle Plugin 8.0, iliyotoka mwaka 2023, inadai Java 17. Kabla ya kupakua Java nyingine, inafaa kukumbuka kwamba Android Studio huja na Java yake katika folda ya jbr. Kuielekeza JAVA_HOME huko hakugharimu chochote.

Barua kutoka Kangemi ni fupi: stima ilipotea Gradle ikiwa inapakuliwa, ikarudi, na tangu hapo mradi haufunguki bali hutaja “zip END header not found”. Huu ndio mfano halisi wa kifurushi nusu. Faili lipo na jina lake ni sahihi, lakini mkia wake haukufika, na mkia ndio wenye orodha ya yaliyomo katika zip. Gradle huliona faili na kuamini kazi imekwisha. Dawa ni kuingia katika .gradle/wrapper/dists, kufuta folda ya toleo hilo moja tu, na kupakua tena, zaidi ya megabaiti 100. Kufuta folda nzima ya .gradle, kama wengi wanavyoshauriana, ni kuchoma nyumba ili kumuua panya. Usiku wenye intaneti mbaya mtu anaweza kukusanya nusu za namna hii kadhaa; baada ya Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki kudorora, hata aliyelipa vizuri alikuwa na sababu ya kukagua mabaki yake.

Mwenye Subira, wa Uthiru, ana laptopu ya ex-UK, kama wauzaji wa mjini wanavyoziita zile zilizotumika Uingereza. Intaneti yake ni nzima, video zinacheza kwenye simu bila kusita, lakini kila ghala linamkatalia kwa habari ya vyeti. Anauliza kama Google ina kinyongo na mitumba.

Swali la kumrudishia ni moja: laptopu inasema leo ni tarehe ngapi? Kompyuta nyingi zina betri ndogo ya saa, aghalabu aina ya CR2032, na katika mashine iliyokaa miaka stoo betri hiyo huwa imekufa. Laptopu ikizimwa na kuchomolewa, saa yake huweza kurudi nyuma miaka mingi. Maghala ya vifurushi hufikiwa kwa njia ya HTTPS, na cheti cha usalama kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa kompyuta inayoamini kwamba huu ni mwaka 2012, cheti cha mwaka huu bado hakijazaliwa. Java hukikataa, na Java haikosei. Kurekebisha saa ni bure. Betri ya kubadilisha hupatikana madukani Luthuli Avenue, na fundi huiweka kwa dakika chache.

Tatizo la vyeti lina ndugu wawili. Wa kwanza ni Wi-Fi ya mkahawa, ambayo mpaka mtu abonyeze ukurasa wa kukubali masharti hurudisha ukurasa huo badala ya chochote kilichoombwa. Gradle huomba maktaba na kupewa tangazo la kahawa. Mtu afungue kivinjari kwanza, akubali, ndipo ajenge. Wa pili ni proksi ya chuo au ofisi. Kivinjari huwa kimeshaelezwa njia ya kupita, lakini Gradle haisomi mipangilio ya kivinjari. Huhitaji kuandikiwa systemProp.https.proxyHost na nambari ya mlango katika gradle.properties. Proksi ikiwa pia inafungua na kukagua mawasiliano, skrini itataja “PKIX path building failed”, na hapo kunahitajika cheti cha proksi hiyo kiingizwe katika Java. Hiyo ni kazi ya msimamizi wa mtandao, ambaye kwa kawaida hupatikana baada ya saa za chakula cha mchana.

Kuna anayetaka kufufua apu yake ya mwaka 2019, ya kulipia kwa M-Pesa, iliyokuwa ikijengwa bila shida. Leo maktaba tatu hazipatikani. Huyu ndiye pekee katika barua hizi ambaye kweli ghala lake limefungwa. Miradi mingi ya wakati huo ilichota vifurushi kutoka ghala la JCenter, lililoendeshwa na kampuni ya JFrog. Februari 2021 kampuni ilitangaza kulifunga. Likaacha kupokea matoleo mapya, likabaki la kusomwa tu, na tangu Agosti 2024 anayebisha hodi huelekezwa Maven Central. Maktaba ambazo waandishi wake hawakuzihamisha hazikufika huko. Mstari wa jcenter() ubadilishwe kwa google() na mavenCentral(), kisha kila kifurushi kinachoendelea kukosekana kitafutwe kwa jina lake jipya. Vile vinavyoanza kwa com.android.support vilihamia AndroidX mwaka 2018. Maktaba ndogo iliyotelekezwa inaweza isiwe na makao popote, na huenda ni rahisi kuandika upya mistari michache iliyokuwa ikitumika. Udogo haupunguzi maafa: Machi 2016 miradi kote duniani ilisimama kwa sababu mtu mmoja aliondoa kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, kifurushi cha left-pad, chenye mistari 11 tu.

Bwana Harusi, wa karibu na Yaya, anauliza kama ni halali kunakili SDK ya rafiki kwa flashi. Mila hii ni ya zamani katika upande huo wa jiji. iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, ilipofunguliwa Ngong Road mwaka 2010, nyaya za Seacom na TEAMS zilikuwa zimefika Mombasa mwaka mmoja tu kabla, na intaneti ya kasi ilikuwa kitu cha kufuatwa mahali kilipo. Kilichopakuliwa mara moja kilipita mikono mingi. Kinachonakilika hutegemea aina yake. Folda ya platforms hutumika kwenye mfumo wowote. Build-tools, platform-tools na emuleta hazivuki kutoka Windows kwenda Linux. Hazina ya maktaba za Gradle, yaani folda ya modules-2 ndani ya .gradle/caches, inaweza kuhamishwa ikiwa Gradle ni ya toleo linalofanana na mafaili ya .lock yakaondolewa, baada ya hapo mradi hujengwa kwa --offline bila intaneti. Katika kunakili SDK watu husahau folda ya licenses. Bila hiyo, vifurushi vingine vitakavyohitajika havitasakinishwa mpaka masharti yakubaliwe kwa amri ya sdkmanager --licenses, ambayo huuliza ndiyo au hapana mara kadhaa.

Anayelia kwamba mfumo wa emuleta haushuki na laptopu yake ina RAM ya gigabaiti 4 ashukuru kwamba haujashuka. Mashine hiyo haitauweza. Simu yake ya Tecno au Infinix, nambari ya muundo (Build number) ikibonyezwa mara saba na USB debugging ikawashwa, itafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Msomaji wa Lavington mwenye Mac, ambaye xcrun yake ilitoweka alfajiri baada ya kusasisha mfumo, aandike xcode-select --install na arudi kwenye chai.

Mwisho yupo aliyekata tamaa, wa Westlands, anayetaka kufuta kila kitu na kuanza upya. Folda ya build ndani ya mradi ifutwe wakati wowote, kwa kuwa hujengwa tena bure. .gradle/caches ikifutwa, bando ndilo linaloumia. Folda ya .android ina debug.keystore, ikifutwa hutengenezwa nyingine, lakini alama yake ya SHA-1 hubadilika, na ramani au kuingia kwa akaunti ya Google kulikosajiliwa kwa alama ya zamani hukoma kufanya kazi. Lililo zito zaidi ni faili la .jks linalotia sahihi apu iliyokwisha kuwekwa Play Store, ambalo wengi hulihifadhi ndani ya mradi uleule wanaotaka kuufuta. Hakuna ghala linalolitoa. Apu mpya tangu Agosti 2021 zina nafuu, kwa kuwa Google ndiyo inayoshika ufunguo wa kutia sahihi, na mwenye apu akipoteza ule wa kupakia anaweza kuomba abadilishiwe. Apu ya kabla ya hapo ambayo haikujiunga na mpango huo, faili lake la .jks likipotea, haitapokea tena sasisho lolote kwa jina lake; italazimika kuwekwa upya kama apu nyingine, na wateja kuombwa waitafute.