Mjomba Alikuja Kunisindikiza Tu

Japani kuna vituo vya treni visivyo na mtumishi hata mmoja. Kimojawapo, Kishi, mkoani Wakayama, kiliachwa hivyo mwaka 2006. Mwaka uliofuata kampuni ya reli ikamteua paka jike wa mwenye duka jirani, Tama, kuwa mkuu wa kituo, na kofia akavishwa. Alishika cheo hicho hadi alipokufa mwaka 2015, na watu walipanda treni kutoka mbali kwenda kumwona.

Sisi wa Kintinku, wilayani Manyoni, hilo halitushangazi. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, kwa hiyo hapa kwetu Wajerumani walipita katikati ya miaka hiyo, na mbuzi wanaikagua mpaka leo bila mshahara wala kofia. Tofauti ni kwamba kituo chetu hakikosi watu. Hata usiku, dirisha la tiketi likiwa limefungwa, maofisa wa kujitolea wamejaa tele.

"Imeshatoka Bahi," alisema kijana wa bodaboda usiku ule nilipokuwa nakwenda Tabora kwa shangazi.

"Bahi ipi? Dodoma yenyewe haijafika," akadakia mama wa chai, ambaye kwa haki ya Mungu biashara yake ilitaka tuendelee kukaa.

Mzee mmoja mwenye shemeji huko Bahi akapiga simu, akaweka spika ili tusikie wote. Shemeji akaapa: treni imepita sasa hivi. Tukajitwika mizigo, tukajipanga. Ikaja treni ya mizigo, mabehewa hayaishi, ikapita na vumbi lake. Tukatua.

"Shemeji hakusema treni gani," mzee akatueleza, wala hakuona haya.

Ya abiria ilipofika kweli, behewa langu lilisimama mbele huko, vichakani. Tukatimua mbio juu ya kokoto: mimi na tenga la jogoo, mjomba na kiroba cha mchele begani, ndala zikimpiga visigino. Hakuna jukwaa pale. Ngazi ya kwanza inaanzia karibu na kiuno, na mlangoni wamesimama watu ambao hawapandi wala hawashuki.

"Nipe hilo tenga, mpwa wangu, nitangulie nikushikie nafasi," akasema mjomba. Sijui nguvu alizitoa wapi. Akapanda na kiroba, akapokea tenga, akapotelea ndani. Nikashika chuma ili nami nipande, mama mmoja akanipitishia ndoo kichwani, mtoto, kisha ndoo nyingine. Honi ikalia. Treni ikaondoka.

Nikabaki kwenye kokoto, tiketi mfukoni, baiskeli ya mjomba ikiningoja ukutani. Mjomba akatoa kichwa dirishani: "Mpwa! Nafasi nimepata!"

Nikampigia simu. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, ameshajua majina ya watu wote wa karibu, na wamemwambia Tabora si mbali. "Mjomba, shikamoo tena, tafadhali shuka Saranda." Akaona namkatili. Mkagua tiketi alipompitia, alimweleza kwamba yeye si abiria, ni msindikizaji. Behewa zima lilimtetea.

Kesho yake alirudi kwa lori, kiroba cha mchele kamili, hakikupungua hata punje. Tenga lilikuwa tupu. Nauli ya lori, alisema, ilimlazimu amuuze jogoo kwa mama lishe mmoja wa Saranda, mwanamke mkarimu sana, aliyempa na sahani ya wali kuku. Sikumuuliza kuku yupi.

Shangazi wa Tabora naye hajanielewa hadi leo. Anaamini jogoo hakuwahi kuwepo.

Sasa treni ya umeme inabeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma tangu mwaka 2024, na kipande cha reli hiyo kinachoanzia Morogoro kinaishia Makutupora, humu humu wilayani mwetu. Ile milango yake inajifunga yenyewe, na ikishajifunga haijui nani abiria na nani msindikizaji. Kwa hiyo wajomba wote mnaosoma hapa, nawaomba: mpeni mtu mzigo wake mkononi, mpungieni, na mbaki chini.