Jinsi ya Kufika Iten kwa Magari Yanayowazidi Madereva Wake Umri

Anza kwa kulivua gari turubai. Hatua hii ndiyo inayowashinda wengi. Katika kila chama cha magari ya spoti ya zamani yupo mwanachama mwenye Datsun 240Z iliyong'arishwa hadi inzi akitua anateleza, na kila safari ikitajwa ana harusi, ana matanga, au ameona wingu upande wa Ngong. Mwendeeni nyumbani. Mkumbusheni kwamba mwaka 1971 gari la aina hiyo hiyo lilishinda mbio za East African Safari mikononi mwa Edgar Herrmann, na jingine la Shekhar Mehta likashika nafasi ya pili. Mwaka 1973 Mehta naye akashinda kwa 240Z, baada ya kumaliza na alama sawa za adhabu na Harry Källström. Mbio hizo zilikuwa za Pasaka, majira ya masika, na hakuna aliyengoja barabara ikauke. Gari lenye ukoo huo kulifungia gerejini ni kulidhulumu. Mwambieni hivyo mbele ya mkewe, ambaye kwa kawaida ameshalisema hilo miaka mingi na atafurahi kupata mashahidi.

Kisha chagueni barabara yenye kona. Ninayoipendekeza kwa moyo wote ni ya Nairobi hadi Iten kupitia Limuru, Mai Mahiu, Naivasha, Nakuru, Mogotio, Marigat na Kabarnet. Ipo njia ya haraka zaidi, ya Eldoret, iliyojaa malori, nayo tuwaachie wenye haraka. Hii yetu inalivuka Bonde la Ufa kwa starehe: mnashuka ukuta wa mashariki baada ya Limuru, mnakwenda sakafuni hadi Nakuru, mnateremkia joto la Marigat, mnapanda Milima ya Tugen hadi Kabarnet, mnaporomoka tena hadi Bonde la Kerio, halafu mnaukwea ukuta wa Elgeyo mpaka Iten, yapata mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Gari la mwaka 1968 likimaliza njia hiyo limefanya kila mtihani aliouwaza mhandisi wake, na mingine ambayo hakuiwaza. Tengeni siku mbili, mlale Nakuru. Atakayesema inawezekana kwa siku moja anasema kweli, na asipewe kazi yoyote ya kupanga ratiba.

Wiki mbili kabla ya safari, piga magoti kando ya gari lako usome ubavu wa tairi. Kuna tarakimu 4 mwishoni mwa maandishi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Ukikuta tarakimu 3 tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hapo hatuna tena la kujadiliana. Tairi la gari linalotoka mara chache haliishi meno. Linazeeka likiwa limesimama, mpira ukikauka na kupasuka mbavuni huku juu likionekana jipya. Lililozidi miaka 10 litoe, hata kama liligharimu pesa ambazo mwenzio nyumbani hajaambiwa.

Baada ya tairi, mafuta ya breki. Haya ndiyo yanayosahauliwa kuliko vyote kwa kuwa hayapungui wala hayapigi kelele. Hufyonza unyevu wa hewa taratibu, na kadiri unyevu unavyozidi ndivyo yanavyochemka upesi breki zikipata moto. Yakichemka, mvuke unaingia ndani ya mirija, na pedali inazama hadi chini bila gari kupungua mwendo. Badilisha kila baada ya miaka 2. Mteremko wa Mai Mahiu unawajua wote waliosema watabadilisha mwezi ujao.

Vingine vibebeni kwa pamoja, kila mtu asije na ghala lake: mkanda wa feni wa kila aina ya gari lililopo, pointi na kondensa, koili moja ya akiba, mpira wa petroli, waya, utepe wa umeme, na maji mengi ya redieta. Kila gari liwe na pembetatu zake za kuakisi mwanga na kizimamoto kinachofanya kazi. Injini zenu nyingi ziliundwa enzi za petroli yenye risasi, na petroli hiyo iliondolewa katika nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Kwa hiyo mtu mwenye injini ambayo haijawahi kubadilishiwa viti vya valvu apime nafasi ya valvu zake kabla ya kupanda milima, kwa sababu viti laini huliwa pole pole bila mwenyewe kujua.

Na mchukueni fundi. Mlipeni siku zote mbili, za kwenda, na za kurudi pia. Mkodieni chumba sawa na vyenu, aagize chakula kwanza, na msimpakie kwenye kiti cha nyuma cha MGB GT, kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya mtoto mdogo au mkoba. Fundi aketi mbele ya gari la kisasa lenye nafasi na vifaa. Chama kinachojivunia kabureta zake huku fundi wake akila amesimama hakistahili kusafiri.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mengine yote yanalitumikia: mpangilio wa barabarani. Gari dhaifu kuliko yote ndilo linalotangulia. Wenye Porsche 911 hulipokea jambo hili kwa huzuni ya wazi, nanyi muwaonee huruma bila kulegeza sheria. Likitangulia lenye nguvu, dereva wake atakwenda kilomita 90 kwa saa akidhani anatembea, wa nyuma yake atakimbia 100 ili asiachwe, na yule wa mwisho, mwenye kijigari cha farasi 50, atavuka Gilgil akiwa ameisukuma injini kuliko ilivyowahi kusukumwa tangu kiwandani. Lakini likitangulia dhaifu, kila mtu ana akiba ya mwendo, na mnapata hata nafasi ya kuitazama Longonot. Dereva hodari kuliko wote akae mkiani pamoja na fundi. Nafasi ya mkiani ni ya heshima, na apewe mtu ambaye hakuiomba.

Kila dereva awajibike kwa gari moja tu: lililo nyuma yake. Lisipoonekana kwenye kioo, punguza mwendo. Ukifika njia panda, simama pembeni hadi lifike na likuone unakokata. Likikwama gari la sita, la tano litasimama, la nne litaona kioo kitupu lisimame, na habari itamfikia kiongozi bila mtu kugusa simu. Hili ni muhimu hasa huko mbele, maana kundi la simu lenye picha 300 za chai ya asubuhi linanyamaza kabisa mnapoingia mahali ambapo mtandao unakatika, na hapo ndipo pampu ya petroli huchagua kugoma.

Acheni nafasi kati ya gari na gari. Msafara wa magari kumi yaliyoshikana kama treni ni ukatili kwa matatu na kwa mama anayemkimbiza mtoto hospitalini. Nafasi ziwe za kutosha mtu apite gari moja moja na arudi upande wake salama. Na kama kuna anayewaza kwamba Safari ya zamani ilikimbiwa kwenye barabara zilizo wazi kwa umma, ni kweli ilikuwa hivyo, na ni sababu ya kumpokonya funguo. Leo watoto wengi wanavuka barabara hizo kwenda shule.

Ondokeni Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, maana yake watangazieni watu saa kumi na moja. Limuru mtakuta ukungu, na wipa za gari la spoti la Kiingereza la miaka ya sitini ziliwekwa kwa matumaini zaidi ya nguvu. Washeni taa, mwende pole. Mnapoanza kushuka ukuta wa bonde, ingiza gia ya chini kabla ya mteremko, na injini iwe ndiyo inayolizuia gari. Mguu usilale kwenye breki. Bonyeza, achia, zipate kupoa. Chini karibu na Mai Mahiu kuna kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, watu waliotumika kuijenga barabara hiyo hiyo mliyoshukia. Simameni pale. Tembeeni magurudumu yote mkinusa: breki zilizoungua zina harufu ambayo haihitaji kufundishwa. Wenye Alfa Romeo waachiwe dakika chache zaidi ndani ya kanisa.

Naivasha na Elementaita zinajieleza zenyewe, mradi msisimamishe magari kwenye kona ili kupiga picha. Kikopey, karibu na Gilgil, kuna nyama choma, na hapa kiongozi awe mkali. Nyama iagizwe kwa simu mapema, kwa sababu mkiagiza mkifika mtangoja, mkingoja boneti zitafunguliwa, na boneti zikifunguliwa wanaume kumi watainama juu ya injini isiyo na ugonjwa wowote mpaka waupate.

Nawaomba sana mumzuie mwenye bisibisi. Kila chama kinaye. Ukweli anaouegemea ni ukweli halisi: injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa inapungua uzito. Kabureta isiyojua mlima inazidi kumwaga petroli ileile kwenye hewa haba, moshi unakuwa mweusi, plagi zinashika masizi. Kwa hiyo anataka kurekebisha. Lakini akirekebisha Nakuru, Marigat iko karibu mita 800 chini yake. Akirekebisha Marigat, Kabarnet iko tena juu mawinguni. Injini iwekwe sawa nyumbani, ielekee kidogo upande wa petroli nyingi, kisha iachwe. Petroli ikizidi kidogo mnapata moshi. Ikipungua sana kwenye mlima wa jua, mnayeyusha pistoni.

Siku ya pili mtavuka ikweta karibu na Mogotio, mpigane picha, mnunue asali ya Baringo mkikaribia Marigat. Asali isiwekwe kwenye buti la gari lenye bomba la eksozi chini yake. Joto la hapa lina ugonjwa wake maalumu: petroli inachemka ndani ya mrija kabla ya kufika kwenye kabureta, mvuke unaziba njia, na gari linazima kana kwamba limeishiwa mafuta. Halijaharibika. Fungua boneti, funika mrija na pampu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, ukae kivulini nusu saa. Lililochemsha redieta nalo lingojwe hivyo hivyo, na mfuniko usiguswe hadi mkono uweze kulala juu yake. Watoto watakuja. Wakaribisheni, waketi nyuma ya usukani, wapige honi. Mtoto wa Marigat aliyewahi kushika usukani wa MGB ndiye atakayejali magari haya wakati ninyi hamwezi tena kuinama kuingia ndani yake.

Kupanda Kabarnet ni gia ya pili na subira. Kutoka hapo kwenda Kerio mnateremka kona baada ya kona, na sheria za Mai Mahiu zinarudi zote. Kwenye daraja la korongo la Cheploch vijana huruka kutoka majabalini hadi mtoni. Wakiruka walipeni vizuri, na asiwepo mwanachama wa kuruka naye, hata aliyeogelea shuleni. Halafu unakuja mpando wa Tambach, zaidi ya mita 1,000 kwenda juu, nao ndio niliowaletea huku. Bonde lote liko upande mmoja, mwamba upande mwingine, na sauti ya silinda sita za Datsun inagonga ukuta na kurudi. Zimeni redio. Aliye mbele atakwenda polepole sana hapa, na nawaambia hamtatamani aongeze mwendo.

Iten ina lango linalowatangaza wakazi wake kuwa mabingwa, na asubuhi utaamini. Wakimbiaji wako barabarani kabla jua halijachomoza, kundi baada ya kundi. Gari la kabureta linalowashwa baridi katika hewa ile linatoa moshi ambao hakuna pafu linalouhitaji, sembuse la mtu anayejiandaa kwa marathoni. Basi msiwashe injini kabla ya saa tatu. Tumieni muda huo kukaza njugu za magurudumu, kuongeza maji, kupima oili, na kumwamsha mwenye bisibisi mkiwa mmeshafunga boneti. Lililosumbua zaidi jana ndilo litakalotangulia kurudi, na fundi ndiye aseme ni lipi.