Mgonjwa wa Bafuni

Ukipita mitaa ya Stockholm jioni ya Desemba, na jioni yenyewe huingia kabla ya saa tisa alasiri, huhitaji kugonga mlango kujua nani kaishika dunia na nani inamponyoka. Watu wa huku hawana habari na mapazia. Kila dirisha lina taa ya mishumaa ya umeme, na pembeni yake okidi, nyeupe au ya zambarau, imesimama wima kwenye kijiti chake. Dirisha langu la Skärholmen lilikuwa na mfuko wa sembe na mrehani mmoja uliokonda. Jirani akaniuliza, kwa ule upole wa Kiswidi usioacha alama, kama ndiyo kwanza ninahamia. Nilikuwa pale miaka.

Nikaagiza okidi kwa mtandao.

Sasa, mtu aliyekulia Tanga hanunui nanasi bila kulinusa wala samaki bila kumfunua mashavu. Huku unalipa kwanza, unakagua baadaye, na muuzaji yuko mkoa ambao hujawahi kuusikia. Mzigo nao hauji mlangoni. Unashushwa kwenye duka la mtaani, simu inalia, unakwenda na kitambulisho chako na kupanga foleni nyuma ya wanaonunua maziwa. Halafu unatembea nao nyumbani kwenye baridi ya chini ya sifuri, umeukumbatia ndani ya koti, ukijua kwamba huyu unayembeba, jina lake Phalaenopsis, asili yake ni misitu ya joto ya Asia.

Mezani jikoni ndipo udaktari ulipoanza. Jani la chini kabisa likiwa la njano, tulia, huo ni uzee. La juu likigeuka njano, hapo ndipo pa kukuna kichwa. Matone yanayonata kwenye bua yasikutishe peke yake, maana okidi nzima kabisa nayo hutoa utomvu mtamu. Ila chungulia kwapani, pale majani yanapokutana, kama kuna kijipamba cheupe. Ukikiona, kitazame kidogo. Pamba ikitembea, hiyo si pamba. Ni vidung'ata, na vya kwangu vilikuwa vinatembea polepole, bila wasiwasi, kwa utulivu wa mwenye kibali cha kudumu cha ukaazi.

Nikauvua mmea chungu chake. Mzizi mzima ni mgumu ukiubonyeza. Ukiwa mkavu una rangi ya fedha, ukimwagiwa maji unakuwa kijani. Wangu ulikuwa wa kahawia, nikaubonyeza ukatoa maji, ganda likavuka kama soksi na kuniachia uzi mkononi. Katikati kabisa kulikuwa na kifundo cha kuvumwani kilichobaki tangu mmea ukiwa mche. Maganda ya miti yanayojaza chungu hukauka, kifundo kile kinabaki kimelowa, na kuoza kunaanzia humo wewe ukiwa juu unasifia maua.

Nikamwandikia muuzaji, nikaambatanisha picha ambazo familia yenye heshima haizitazami wakati wa kula. Akajibu kwa adabu zote: mmea umechoka na safari, upe muda. Maneno hayo kwetu anaambiwa mgeni anayelala mpaka adhuhuri. Kwenye sheria nako nikakuta mtego: mnunuzi wa mbali ana siku 14 za kubadili mawazo, lakini siku hizo haziihusu bidhaa inayoharibika upesi. Kulalamikia kasoro bado ni haki yako, ila kwanza mkubaliane kama huo ni ugonjwa au uchovu.

Waswidi, kusema kweli, wana historia na jambo hili. Pehr Osbeck, kasisi wa meli ya Kampuni ya Uswidi ya India ya Mashariki, aliokota okidi ya jamii hii upande wa Java, na mwaka 1753 Carl von Linné akaipa jina la kitaalamu. Ilimfikia ikiwa imekauka na kubanwa kwenye karatasi. Hakudai fidia.

Dawa ya vidung'ata ni spiriti. Unachovya kijiti cha pamba, unampaka mmoja mmoja, na unarudia tena na tena kwa sababu mayai yao hayana haraka. Nilikuwa katikati ya kazi hiyo shangazi alipopiga simu ya video.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hiyo chupa ya nini?"

"Spiriti. Ya kusafishia ua."

Akanyamaza kwa muda ambao ungetosha kumwita mjomba. Nikamsogezea mmea kwenye kamera. "Eti ndiyo haya?" akasema. "Si ndiyo yale yaliyoota juu ya mwembe wa babu yako, manjano yenye madoa? Na umetoa hela?"

Sikumwambia kiasi gani. Kwingine nyumbani, Nyanda za Juu Kusini, watu huchimba viazi vya okidi, na vingi huvushwa Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda; hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, ni mojawapo ya mahali zinapolindwa. Huko okidi inaliwa. Yangu ndiyo ilikuwa inanila.

Mizizi iliyooza nikaikata kwa mkasi uliopitishwa motoni. Hapo usifanye mzaha. Virusi vya okidi huhama kwa utomvu unaobaki kwenye wembe, na havina dawa. Ukiona majani yana pete na michirizi iliyopauka na kipimo kikathibitisha, ni kutupa tu. Jani moja nililolikata pia nikalipaka mdalasini wa unga, unaozuia ukungu na kukausha kidonda. Mizizi usiipake, itakauka nayo. Nyumba nzima ikanukia pilau, na jirani akagonga kuuliza kama ninaoka mikate ya mdalasini, ilhali siku yao ya kuisherehekea, tarehe 4 Oktoba, ilikuwa imeshapita.

Kisha karantini. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walisema wazee. Huyu nilimfungia bafuni wiki kadhaa chini ya taa, ili mrehani wangu usiambukizwe. Nikabandika karatasi: USIGUSE, MGONJWA. Rafiki yangu wa Bukavu alipokuja kula ugali aliingia kunawa, akatoka mikono ikidondosha maji, taulo hakuligusa. "Ndugu," akaniuliza kwa sauti ya chini, "ule mgonjwa iko wapi?"

Mwezi wa Juni okidi ilikuwa dirishani, imetoa bua jipya lenye vitumba, na jirani akipita chini ananipungia mkono. Shangazi naye alikuwa anakuja kutembea, akataka kuniletea ile ya kwenye mwembe, ya bure. Nikamweleza kwamba okidi zote ziko chini ya mkataba wa CITES, haivuki mpaka bila kibali, na kwamba tangu tarehe 14 Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unadai cheti cha afya kwa karibu kila mmea na tunda. Yaliyosamehewa ni matano: nanasi, nazi, durian, tende na ndizi.

"Basi nitaleta ndizi."

Alizileta mbivu, akazipanga dirishani penye jua, zikiegemea chungu. Ndizi mbivu hutoa gesi ya ethilini, na vitumba vya okidi vikiipata huanguka kabla ya kufunguka. Nilirudi kazini nikakuta vimetapakaa kwenye ubao wa dirisha. Shangazi alikuwa ameketi pembeni yake, anamenya ya pili.

"Limechoka tu hili," akasema. "Lipe muda."