Saa Tatu ya Nani?

Vita vya Waingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896 vilikwisha kabla chai haijapoa. Wapo wanaosema vilichukua dakika 38, wapo wanaosema 45. Vyovyote iwavyo, hakuna vita vifupi kuliko hivyo vinavyojulikana duniani. Mtihani wa Waingereza kuhusu maisha ya Uingereza nao una dakika 45. Mimi, kizazi cha hao waliopigwa mizinga, ulinichukua miezi minne, na wala sikufeli hata mara moja.

Kwa wasioujua: mtihani huu ulianza mwaka 2005, na bila kuufaulu hupati ukaazi wa kudumu wala uraia. Maswali ni 24, unatakiwa upate 18, na ada ni paundi 50. Ukifaulu leo kwa ajili ya ukaazi, kesho unautumia huo huo kuombea uraia, hauozi. Huo uraia wenyewe sijauamua mpaka leo, maana sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, na yako mambo ambayo mtu hayakati peke yake jikoni usiku wa baridi. Lakini ukaazi niliutaka, na viza yangu ilikuwa inaelekea ukingoni. Waliotimiza miaka 65 wamesamehewa mtihani. Mimi nilikuwa na 47. Kwa hiyo ama nipate maswali 18, ama nisubiri miaka 18. Usidhani hiyo ya pili sikuipima.

Kusoma hakukunishinda. Kitabu chao cha mwongozo kinakutoa kwa watu wa zama za mawe mpaka kwa mawaziri wakuu wa juzi, na kila jioni nilikuwa nampigia mama simu Unguja kumsimulia nilipofika. Mama alivutiwa zaidi na Mfalme Henry VIII. Nikamweleza kwamba alioa wake sita, mmoja baada ya mwingine: wawili ndoa zao alizivunja, wawili aliwakata vichwa, mmoja alikufa baada ya kujifungua, na wa sita akamzika yeye.

"Talaka hazijui?" mama akauliza.

"Anazijua, mama. Ile ya mwanzo ilimgharimu ugomvi mkubwa na Papa."

"Na huyo wa sita, kitabu kinasema alikuwa akimpikia nini?"

Kitabu hakisemi. Kinasema, hata hivyo, kwamba mkahawa wa kwanza wa mchuzi wa Kihindi ulifunguliwa London mwaka 1810 na Sake Dean Mahomet. Hilo mama alilipokea kwa kicheko. "Ndiyo maana hawajafa na njaa," akasema, kisha akaniuliza kama mtihani nimeshabuku.

Hapo ndipo penyewe. Sisi wanawake wa Unguja na Pemba tunaoishi Leicester tuna baraza letu la Jumamosi, na hakuna aliyepita njia hii akakosa la kuniambia. Buku mapema. Lazima ubuku siku 3 kabla kwa uchache. Ukifeli unasubiri siku 7 ndipo urudie. Maombi ya ukaazi unaruhusiwa kuyapeleka ukibakiwa na siku 28 kutimiza miaka yako. Mmoja alinichorea mstari kwenye karatasi ya kufungia sambusa, mwanzo wa mstari viza, mwisho wa mstari uwanja wa ndege. Niliibandika karatasi ile kwenye friji na mafuta yake, nikawa naitazama kila siku nikichukua maziwa. Nilichukua maziwa mengi sana kabla ya kubuku.

Mwishowe, mwezi wa Shaaban, nikajikaza. Jumanne, saa tatu asubuhi, kituo kiko mji wa jirani. Nikalipa paundi 50, nikamtumia ujumbe mtoto wa kaka yangu, mwenye gari: "Jumanne nna mtihani saa tatu. Uje saa mbili."

Sikuandika "asubuhi". Kwa nini niandike? Saa tatu ziko mbili tu duniani, ya asubuhi na ya usiku, na serikali gani itamtahini mtu saa tatu ya usiku? Nilichosahau ni kwamba kijana huyu kazaliwa Leicester. Kiswahili anakisikia chote, mpaka mafumbo ya bibi yake, lakini saa anahesabu kwa Kiingereza. Kwake yeye tatu ni tatu.

Jumanne nikaamka alfajiri, nikavaa, nikakaa dirishani na pasipoti mapajani. Saa mbili ikapita. Nikampigia simu mara kumi na moja. Alikuwa ametoka zamu ya usiku bohari, simu kaizima, kalala. Saa tatu ikapita. Saa nne nikavua viatu. Saa nane mchana kengele ikalia, kijana mlangoni, nywele kachana vizuri, mfuko wa chipsi mkononi.

"Shikamoo shangazi. Uko tayari?"

"Nilikwambia saa mbili!"

Akatazama simu yake, akanitazama mimi. "Sasa hivi ni saa mbili, shangazi."

Chipsi tulizila, maana hazikuwa na kosa. Lakini usiku ule nilimfikiria sana Sayyid Khalid bin Barghash. Mwaka ule wa 1896 Waingereza walimwambia atoke kwenye jumba la kifalme mwisho saa tatu asubuhi, ambayo kwao wao ni saa tisa. Hakutoka, na dakika mbili baadaye mizinga ikaanza. Vitabu vya historia vina sababu zake nzito. Mie nina yangu: huenda kulikuwa na kijana wa kutafsiri aliyesikia tisa akasema tisa, na Sayyid wa watu akajua anayo nafasi mpaka mchana, ale, apumzike, kisha afikirie. Ushahidi sina. Nina mtoto wa kaka.

Kijana alijuta kwelikweli. Kuanzia siku hiyo akawa ananibebea mizigo ya sokoni, ananitolea pipa la taka, na jumba la paundi zangu 50 likamwangukia yeye peke yake. Mimi sikumzuia. Kila tukipita mbele ya benki nilikuwa napumua kidogo kwa sauti.

Mara ya pili nilipanga kama jenerali. Niliitazama kalenda ya ukutani tuliyopewa na duka la nyama, nikachagua siku ambayo ilikuwa mwezi 30 Ramadhani. Siku tulivu. Futari imeshaandaliwa nusu, nyumba kimya, kijana yuko mapumziko. Kalenda ilisema Idi kesho yake, tena kwa maandishi mekundu. Nikabuku wiki nne nzima kabla, na baraza la Jumamosi likanisifu.

Mwislamu gani, mtu mzima, anaiamini kalenda ya duka la nyama kuhusu mwezi? Ramadhani ina siku 29 au 30, na jibu hulipati mpaka usiku wenyewe. Mtihani nao una sharti lake: ukitaka kuahirisha urudishiwe pesa, toa taarifa siku 3 kabla. Serikali inataka siku tatu, mwezi unatoa usiku mmoja, na katikati ya hao wawili niko mimi na paundi 50 nyingine. Juu ya hayo, mtaani kwetu kuna misikiti miwili, mmoja unafuata Saudia na mwingine unasubiri habari za Moroko, kwa sababu mawingu ya Uingereza yakisubiriwa yafunguke tutafunga mpaka Mfungo Tatu. Usiku wa 29 simu yangu haikupumzika. Umeandama. Haujaandama. Umeonekana lakini si kwetu. Saa tano usiku msikiti wetu ukatoa neno: mwezi umeandama, kesho Idi.

Nikaswali Idi kwenye jamaa ya kwanza, saa moja asubuhi, kijana na baba yake safu za mbele. Safari hii gari ilikuwepo, kwa kuwa ukoo mzima ulikuwepo. Nikaingia kituoni na buibui jipya linalonukia udi, mkobani nimetia visheti vya kumkaribisha yeyote atakayenitahini. Visheti vikafungiwa kwenye kikabati pamoja na simu. Nikampa pasipoti bibi wa mapokezi. Akaisoma, akasoma skrini, akarudi kwenye pasipoti.

Waingereza wana jina na jina la ukoo. Sisi tuna jina, la baba na la babu, na anayekwita hutumia yale anayoyakumbuka. Wakati wa kujaza fomu mtandaoni niliandika la kwangu na la babu, kama ninavyoandikwa kwenye bili ya umeme. Pasipoti ina yote matatu. Na sharti lao limeandikwa wazi, nililisoma mwenyewe kwa macho haya: jina la kwenye fomu na la kwenye kitambulisho yasipolingana, hufanyi mtihani na pesa hairudi.

Yule bibi alikuwa mpole. Aliweka kidole kwenye pasipoti akaniuliza huyu wa katikati yuko wapi.

Nikamwambia amefariki, Mungu amrehemu.

Akanipa pole. Aliitoa kwa dhati kabisa, kisha akanieleza kwamba hata hivyo siwezi kuingia. Nikavichukua visheti vyangu.

Nje kijana aliruka kutoka garini. "Umefaulu, shangazi?"

"Wameahirisha," nikasema. Siku ya Idi mosi, udhu wa swala bado ninao.

Njiani kurudi ndipo hesabu ya pili ilipoingia akilini, polepole, kama maji chini ya mlango. Ile fomu ya kwanza, ya Shaaban, niliijaza mimi huyu huyu, kwa majina hayo hayo mawili. Kwa hiyo hata kijana angekuja saa mbili ya asubuhi na kanzu na kilemba, ningefika pale, ningeulizwa baba yuko wapi, na ningerudishwa. Hakuwa amenipotezea hata senti. Nilimtazama anavyoendesha kwa adabu, mikono miwili kwenye usukani, nikafikiria mapipa yote ya taka aliyoyatoa. Nikafungua mkoba nikampa kisheti.

Mama, nilipomweleza ukweli wote, alinyamaza kwanza. Yeye paundi huzigeuza mbuzi ndipo azielewe. "Mbuzi wawili," akasema, "na hujaulizwa hata mfalme alikuwa nani."

Mara ya tatu ilikuwa Mfungo Pili. Fomu nilijaza na mwanamke mwenzangu wa baraza, yeye anasoma pasipoti herufi moja moja, mimi naandika, kisha tunabadilishana kama wanaohesabu fedha za mahari. Kalenda niliyotazama ni ya kawaida, na siku niliyochagua haikuwa na mwezi wala sikukuu ya mtu yeyote. Na kwa kuwa nimeshaumwa na nyoka, nikanunua tiketi ya treni nikaitia ndani ya pasipoti, nisimwambie mtu.

Ujumbe wa kijana niliuandika kwa makusudi kwa Kiingereza chake, ili nimsaidie. Saa zake, si zangu: "Mtihani saa 9. Uje saa 8." Akajibu haraka, na alama ya dole gumba: "Sawa shangazi, nimeelewa."

Saa mbili asubuhi hakuja. Simu imezimwa. Safari hii sikukaa dirishani. Nikafunga mlango, nikaenda stesheni kwa miguu, na saa tatu kasoro robo nilikuwa mbele ya bibi yule yule. Akasoma pasipoti, akasoma skrini. Marehemu baba alikuwepo, katikati yetu, herufi zake zote zimetimia. Niliingia, nikajibu, nikamaliza dakika nyingi zikiwa zimebaki, na maswali yenyewe siyasemi, lakini muda wote nilimsikia mama akiulizia chakula cha Henry. Nilifaulu, na ile namba ya kumbukumbu ya kupeleka kwenye maombi ya ukaazi ninayo.

Nilirudi nyumbani, nikapika wali, nikajilaza. Saa nane kamili mchana kengele ikalia. Kijana mlangoni, nywele kachana, mfuko wa chipsi mkononi, uso unameta. Alinionyesha simu yake. Nyuma ya kava alikuwa amebandika kikaratasi, kaandika kwa kalamu nyekundu: toa sita, ongeza sita.

"Saa nane juu ya alama, shangazi. Nimejifunza kwa ajili yako. Twende, usichelewe."

Nikazipokea chipsi.