Ukitaka Kuziba Tundu la Hedifoni, Pitia Nyamirambo Kwanza

Ndugu mtengenezaji wa simu, tumesikia unalitazama lile tundu la milimita 3.5 kwa jicho baya. Sina uwezo wa kukuzuia. Ila kama umeshaamua kuliziba, fuata mwongozo huu kutoka Kigali, hatua kwa hatua, wala usiruke hata moja.

Anza kwa kulifuta neno "ujasiri" kwenye hotuba yako. Septemba 2016 Phil Schiller wa Apple alipanda jukwaani kuitambulisha iPhone 7 isiyo na tundu, akasema kuliondoa ni ujasiri. Ujasiri ni kumwekea mnunuzi hesabu yote mezani. Mwambie kwamba ndani ya simu nafasi ni finyu, na kwamba tundu linagombania pahala na betri, kamera na kile kidude cha kutetemesha. Hiyo ni kweli, na betri ya iPhone 7 ilikuwa kubwa kuliko ya 6s. Tutakuelewa. Lakini hoja ya maji iache nyumbani: mwaka uleule Galaxy S7 ya Samsung ilistahimili kuzama mita moja na nusu kwa nusu saa, na tundu lake lilikuwepo.

Ukimaliza nafasi, taja pesa. Siku ileile tundu lilipoagwa, Apple walitangaza AirPods kwa dola 159. Miaka miwili kabla walikuwa wameinunua kampuni ya hedifoni ya Beats kwa dola bilioni 3. Kiunganishi kidogo cha kumfariji mwenye hedifoni za zamani kilikuwemo ndani ya boksi. Ilipofika 2018 kikaondolewa, na anayekitaka akalipe. Biashara si dhambi. Sema tu kuwa ni biashara.

Sasa njoo Kigali na kikokotoo. Oktoba 2019 Rais Kagame alizindua hapa kiwanda cha simu cha Mara, na simu ya bei nafuu kati ya mbili zilizotoka, Mara X, iliuzwa faranga 120,250, yaani dola 130 hivi. Mwaka huo AirPods bado zilikuwa dola 159. Vipande viwili vya kuziba masikio vilipita bei ya simu nzima iliyotengenezwa Kigali! Na hata simu hiyo wengi hawakuimudu, ndiyo maana mwaka 2023 mpango wa Connect Rwanda ukaleta simu za faranga 20,000. Mtu aliyejikusuru kupata simu ya bei hiyo, hedifoni zake ni za waya, za kununua barabarani. Ukiziba tundu, unamnyang'anya alichonacho na kumwonyesha asichoweza kukifikia.

Hatua inayofuata ndiyo kubwa, kwa hiyo tenga siku nzima. Chagua siku timu za soka za Rayon Sports na APR zinapocheza, uingie mitaa ya Nyamirambo au Biryogo, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya mtaa tangu zamani. Mtafute asiyekuwa na kiingilio cha uwanjani: fundi cherehani ambaye hawezi kuacha kazi ya mteja, mlinzi anayeanza zamu, mama anayepanga ndizi. Utaona waya umeshuka kutoka sikioni hadi mfukoni. Waulize wanasikiliza nini. Ni redio, na redio ya FM kwenye simu haili bando.

Hapo ndipo wahandisi wako wakueleze kitu ambacho hukisemi jukwaani. Mawimbi ya FM yana urefu wa karibu mita 3, na antena inayofichika ndani ya simu ni fupi mno kuyanasa vizuri. Waya wa hedifoni, wenye mita moja hivi, ndio antena. Ukiondoa tundu, umeondoa na redio, hata kama chipu yake imo ndani. Msikilizaji atalazimika kuifuata mechi kwenye intaneti, akinunua bando na kumaliza chaji, ili apate alichokuwa akikipata bure. Kama unaweza kupitisha antena hiyo kwenye tundu la chaji, ipitishe kabla hujaziba. Baada ya hapo utakuwa umechelewa.

Mpitie na fundi simu. Hedifoni za waya zikikatika anaziunga. AirPods betri yake ikichoka hana pa kuingilia, maana imefungwa kwa gundi, na safari inayozibakia AirPods hizo ni kituo cha taka za elektroniki kule Bugesera.

Halafu usimcheke mwenzako. Google walijisifia tundu la Pixel mwaka 2016, mwaka uliofuata Pixel 2 ikatoka bila tundu. Samsung nao waliwatania Apple, na Agosti 2019 Note 10 yao ikaja imezibwa.

Na ukishaona umewaumiza watu, rudi nyuma mchana kweupe. Sony walianza kuondoa tundu mwaka 2018 kwenye Xperia XZ2. Mwaka 2020, kwenye Xperia 1 II, wakalirudisha. Ile nafasi iliyodaiwa haipo ilipatikana, na simu hiyo bado inastahimili maji.