Uwanja Umejaa, Timu Imefutwa

Mama, Baba, na nyinyi nyote mnaoketi pale kwa kinyozi siku nzima bila kunyolewa,

Hapa Lowell, Massachusetts, mimi ni mzima. Kazi ni ile ile ya usiku kwenye nyumba ya wazee, na Wakenya tumejaa mji huu kiasi kwamba ukiishiwa na unga wa ugali hukosi wa kukuazima. Baba, uliniuliza kwenye simu kama tuna timu ya kushabikia huku. Swali lilikuwa fupi, jibu likamaliza kadi. Timu ilikuwapo. Haikushuka daraja, haikugoma, haikukosa mashabiki. Ilifutwa tu.

Iliitwa Lowell Spinners. Ni besiboli, Baba, usikunje uso. Ule mchezo wa mtu mmoja kurusha mpira na mwingine kuungoja na rungu, huku wengine saba wakisimama nyasini kama askari wa usiku. Hauna muda uliopangwa wala kipenga. Utaisha utakapoisha.

Mwalimu wangu wa historia hii ni mzee mmoja ninayemhudumia. Chakula alichokula jioni hakikumbuki, lakini Spinners anawakumbuka mwaka kwa mwaka. Nilipomwambia kwetu ni Lucky Summer, Nairobi, alitaka kujua kama tuna bahari. Nikamjibu tuna mto, nikaachia hapo.

Timu ilihamia hapa mwaka wa 1996 kutoka Elmira, jimbo la New York. Ndiyo, timu huhama na mizigo yake kama mpangaji. Mwaka wa 1998 ikapata uwanja mpya kando ya mto Merrimack, LeLacheur Park, uliopewa jina la mbunge wa jimbo; viwanja kuitwa majina ya wanasiasa ni jambo ambalo watu wa Kasarani hamhitaji kuelezwa. Jina la timu nalo lilitokana na viwanda vya kusokota nyuzi vilivyoujenga mji huu karne ya kumi na tisa. Viwanda vilikufa, majengo yake ya matofali mekundu yakabaki, na sasa mengine ni vyumba ambavyo kodi yake siwezi kuitaja mbele ya Mama. Kisumu nao walifungiwa kiwanda chao cha nguo, KICOMI.

Sasa shikeni viti. Kuanzia mwaka wa 1999 hadi 2010, tiketi za Spinners nyumbani ziliisha mechi 413 mfululizo. Uwanja una nafasi za watu karibu elfu tano. Mechi 413! Na hawa hawachezi Jumamosi kwa Jumamosi. Msimu wao ulianza Juni ukaisha mapema Septemba, na ndani yake walicheza karibu kila siku. Ligi yao ilikuwa ya vijana, mojawapo ya ngazi za chini kabisa. Na kombe la ligi hiyo, wapenzi wangu, hawakulichukua hata mara moja. Mwaka wa 2019 walifika fainali, wakapigwa na Brooklyn Cyclones.

Nilimuuliza mzee watu walikuwa wanaenda kutazama nini basi. Akanitazama kama aliyeulizwa kwa nini watu huenda harusini.

Walikuwa wanauziwa jioni. Kulikuwa na fataki, soseji, watoto wakikimbizana uwanjani kati ya zamu na zamu, na kikaragosi cha mamba aitwaye Canaligator, ingawa mifereji ya mji huu haijawahi kuwa na mamba. Mwaka wa 2003 waligawa langoni vidoli vya kutikisa kichwa vya Jack Kerouac, mwandishi wa riwaya aliyezaliwa hapa 1922. Hebu fikirini Mathare United wakimpa kila shabiki kidoli cha Meja Mwangi. Tena kuna wakati waliziambia timu za watoto mitaani zinazojiita Yankees, jina la mahasimu wa Boston, kwamba zikibadili jina na kuwa Spinners zitanunuliwa jezi mpya. Mashabiki wa Ingwe, yaani AFC Leopards, msipate wazo.

Huo ndio upande wa furaha. Upande wa pili ulinichukua muda kuuelewa, na nikauelewa vibaya kwa sababu nilikuwa nafikiri kimpira, kwa hesabu za klabu zetu, Gor Mahia na Ingwe. Mwenye Spinners alikuwa na tiketi, soseji na mamba. Wachezaji hawakuwa wake. Waliajiriwa na klabu kubwa ya Boston Red Sox, ambayo iliwaweka hapa waive. Kijana akianza kung'aa, anaondolewa hata kama mna mechi usiku huo. Na timu yenyewe, hata ikishinda zote, haipandi popote. Imezaliwa chini ibaki chini. Tusker wetu wa Ruaraka ni mali ya kampuni ya bia, lakini angalau wakishinda ligi wanabeba kombe wenyewe.

Mwaka wa 2012 alipita hapa kijana mwembamba, Mookie Betts. Alicheza mechi 71 bila kuupiga mpira ukavuka uzio hata mara moja. Mwaka wa 2018 alitangazwa mchezaji bora wa ligi yake na Red Sox wakawa mabingwa. Mzee anadai alimtambua mapema. Wazee wote wa Lowell wanadai hivyo, kama vile kila mtu wa rika la Baba anavyodai alikuwa Kasarani 1987, siku Gor ilipotwaa Kombe la Washindi la Afrika.

Na mishahara? Wachezaji wa ngazi hiyo walianzia dola 290 kwa wiki, tena msimuni tu. Mimi wa kubadilisha shuka nilikuwa nawashinda.

Mwisho wao ulikuja hivi. Wakubwa wa besiboli waliamua timu ndogo zimezidi, wakazipunguza kutoka 160 hadi 120. Msimu wa 2020 korona iliufuta wote, na mwaka ulipoisha Spinners hawakuwa kwenye orodha. Ligi yao iliyoanza 1939 ikavunjwa pia. Mechi 413 hazikuhesabiwa kitu. Baba, wewe huwatukana viongozi wa soka letu kila Jumapili, na wanastahili. Lakini kwetu timu hushuka kwa kufungwa, na ikifunga hurudi. Naona hiyo ni haki kuliko hii ya kuhukumiwa ofisini bila kucheza.

Wakenya wa Worcester, mji wa jimbo hili hili, hawatuachi tupumue. Wao mwaka wa 2021 waliletewa timu ya ngazi ya juu zaidi iliyotolewa Pawtucket, na uwanja mpya juu yake. Kwetu LeLacheur Park wanacheza wanafunzi wa chuo kikuu cha hapa. Mzee hakubali kwamba hao ni timu.

Kwa hiyo nina ombi. Mitumba ya huku inajulikana inakoishia. Mtu akipita soko la Gikomba akaona kofia au jezi imeandikwa Lowell Spinners, anichukulie saizi kubwa, ni ya mzee. Msikubali kuuziwa ghali, na pesa nitatuma kwa M-Pesa siku hiyo hiyo.